Bolti ya Sita

Mama Koki alipofika gereji, Fundi Nyundo alikuwa amekwisha kuharibu kichwa cha bolti moja. Pembe zake zote sita zilikuwa zimelika, kichwa kimekuwa mviringo na kinang'aa kama kidonge. Nyundo alikuwa ameikabili kwa spana iliyochoka, akaurefusha mpini wake kwa kipande cha bomba, kisha akaukalia kwa uzito wake wote kama mtu aliyepanda bembea. Spana iliteleza, yeye akaangukia ndoo ya grisi, na bolti ikabaki pale pale ilipokuwa imekaa miaka ishirini na sita.

Mume wa Mama Koki, ambaye ndiye dereva wa pikapu lililokuwa likitengenezwa, alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, kama mzazi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Shida yenyewe haikuwa kubwa. Ijumaa iliyopita mkaguzi wa magari alilikataa pikapu kwa sababu kishikio cha springi ya nyuma, upande wa kushoto, kilikuwa kimepasuka. Akawapa siku kumi, mwisho Jumatatu. Kishikio kingine walikipata kwa wauza vyuma chakavu, kizima, cha gari la aina hiyo hiyo. Kilichobaki ni kufungua bolti sita zilizokishika kile kibovu kwenye chesisi, ule mfupa wa chuma unaobeba gari zima. Sita tu. Lakini nati zake zilichomewa kwa ndani huko kiwandani, mahali mkono haufiki, na kutu ilikuwa imeziozesha na kuzigandisha hadi bolti na nati zikawa kama ndugu waliochanjiana damu. Bolti ikikatikia humo, haitoki tena ila kwa kuitoboa chesisi yenyewe.

"Shemeji," alisema Nyundo, akijipangusa grisi, "hapa dawa ni moto. Tunakikata chote kwa gesi, tunachomea kipya, kesho mnaondoka."

Mama Koki aliinama akachungulia. "Tangi la petroli liko wapi?"

Nyundo naye akachungulia, kama vile hakuwahi kuulizwa. Tangi lilikuwa shubiri moja kutoka kwenye kishikio.

"Tutalifunika kwa gunia."

"Gunia."

"Bichi, shemeji. Gunia bichi."

Vijana wawili wa gereji waliacha kazi wakasogea kusikiliza. Mama Koki alisema hapana, asante, gari linarudi nyumbani. Alilisema bila kupandisha sauti, na pengine hilo ndilo lililomuudhi Nyundo, kwa maana mtu akikupigia kelele unaweza kumcheka. Nyundo hakumjibu yeye. Alimgeukia mumewe.

"Bwana, hili gari ni la nani?"

Dereva alifungua mdomo, akaufunga. Nyundo akatabasamu, akasema hakuna ubaya, kila mtu na eneo lake, yeye haingii jikoni kwa watu kufundisha namna ya kufunga koki. Bomba ni maji, akasema, gari ni chuma.

"Bomba nalo ni chuma," alisema Mama Koki. "Maji ni ya ndani."

Kwa miaka kumi na minane alikuwa akifungua viungo vya mabomba vilivyooza ndani ya kuta za watu, na aliyajua mambo hayo vizuri: ukikata bomba ndani ya ukuta, unavunja ukuta, na mwenye ukuta anakutazama. Alipanda baiskeli yake. Pikapu lilimfuata nyuma kwa mwendo wa kobe, likilialia kwenye kila shimo.

* * *

Asubuhi ya Alhamisi Mama Koki aliitwa kwenye nyumba moja ya ghorofa ambako choo kilikuwa kinafurika. Mumewe alimwona anaondoka, akahesabu muda, kisha akaingia uani na jeki.

Mambo yaliyofuata yalisimuliwa na mama mkwe, ambaye aliyaona kupitia dirisha la chumba chake akiwa anachambua mchele. Mwanawe alilipandisha gari kwa jeki moja, juu ya udongo mtupu uliolowa mvua ya juzi. Akaingia chini kwa mgongo. Akaipachika spana kwenye bolti, na alipoona mikono haitoshi, akaigeukia na kuanza kuisukuma kwa miguu, teke baada ya teke, huku akitukana. Gari likawa linayumba. Mama mkwe alimwita kwa jina lake la utotoni, akamwambia atoke. Akatoka kweli, si kwa kumtii, ila spana ilikuwa imeruka na kwenda mbali akawa anajiburuta kuifuata. Hapo jeki ikazama, ikalala, na gari likashuka. Mwili wote ulikuwa nje. Mkono wa kushoto ulikuwa bado ndani.

Wapita njia ndio waliolinyanyua. Mwuza makaa, wanafunzi wawili wa chuo, mama mmoja aliyetua kapu lake barabarani, na mzee asiyejulikana aliyetoa amri kana kwamba maisha yake yote alikuwa akingoja kunyanyua gari hilo.

Mama Koki alimkuta zahanati, ameketi kwenye benchi, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vimefungwa bendeji nene. Daktari alisema vimevunjika ila vitapona, na kwamba ana bahati. Mama Koki aliketi karibu naye.

"Jeki zilikuwa ngapi?"

"Moja."

"Chini yake uliweka nini?"

Mumewe aliinama kuitengeneza bendeji.

"Juu, kulishikilia gari, uliweka nini?"

"Nilitaka kumaliza kabla hujarudi," alisema mumewe.

Mama Koki aliitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kuuliza dawa dirishani. Alifika nusu ya ukumbi, na hapo ndipo woga ulipomfikia. Ilimbidi aushike ukuta. Muuguzi akadhani ni mgonjwa, akamletea kiti, na yeye akakikalia kwa dakika tano nzima akiutazama mchoro wa meno ukutani, huku akimwona mumewe chini ya lile gari, limemkalia kifua, si vidole.

Jioni simu iliita. Alikuwa msimamizi wa kampuni ya dobi, yule mama ambaye dereva alimbebea mashuka ya hospitali, machafu yakienda na masafi yakirudi. Alitoa pole kwa upole kabisa. Kisha, kwa upole ule ule, akasema hospitali haiwezi kulaza wagonjwa kwenye magodoro matupu, kwamba ana vijana watatu wenye magari wanaopiga hodi kila siku, na kwamba Jumanne asubuhi asipoliona pikapu na karatasi ya ukaguzi, atalazimika kumfungulia mmoja wao. Dereva alisema ndiyo, mama. Nimeelewa, mama. Asante, mama. Alipokata simu, aliiweka mezani kifudifudi.

Na kama vile alikuwa amejificha nyuma ya mlango akisubiri, Fundi Nyundo akabisha. Alikuja na machungwa. Akakaa, akalaani jeki za siku hizi, akala chungwa moja katika yale aliyoyaleta, kisha akafika kwenye lililomleta: shemeji yake mmoja ananunua magari ya zamani kwa uzito. Anakuja na mizani yake. Analikatakata hapo hapo uani, analibeba, watu mnabaki na nafasi ya kuanika nguo.

"Afadhali," alisema mama mkwe. "Chuma hakina huruma. Leo vidole, kesho kichwa."

Dereva alitazama bendeji yake. "Labda," alisema.

"Gari haliuzwi," alisema Mama Koki.

Wote wakamgeukia.

"Kuna bolti sita. Nitazitoa mimi."

Nyundo alicheka hadi akapaliwa na chungwa. Mama mkwe ndiye aliyempiga mgongoni, na kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

* * *

Ijumaa hakugusa spana. Jambo hilo liliwasikitisha sana majirani, maana habari ilikuwa imekwisha kuenea, na waliokuja kuangalia sinema walikuta mwanamke anapanga mbao.

Zilikuwa boriti za paa la zamani, mbao ngumu nene, alizozinunua kwa mvunja nyumba na kuzileta kwa mkokoteni. Alilisogeza gari hadi kwenye saruji iliyokuwa mbele ya choo, mahali pekee uani palipokuwa tambarare. Akavuta breki ya mkono. Akaweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, yote mawili. Akaiweka jeki juu ya ubao mpana, akainua, na chini ya chesisi akapanga boriti mbili hivi na mbili vile, msalaba juu ya msalaba, kila upande, hadi gari likazikalia. Kisha akaipanda bampa ya nyuma akalitikisa gari kwa nyonga zake, kushoto, kulia, kwa nguvu zote. Mwuza makaa alishangilia. Gari halikusogea. Akashuka, akaenda kwenye mlango wa mama mkwe.

"Mama, nakuomba ukae pale nje ninapofanya kazi."

"Nikae nifanye nini? Nikulilie?"

"Mtu haingii chini ya gari peke yake. Ukiona chochote kinatikisika, piga kelele."

Mama mkwe alifikiri. "Kupiga kelele naweza," alisema, akabeba kigoda chake.

Mama Koki alivaa miwani ya kazi, ile ya plastiki anayoivaa akitoboa kuta, akaingia chini. Kutu ilianza kumwagika mara tu alipopitisha brashi ya waya, ikawa inanyesha usoni kama pilipili ya unga, na angekuwa hana miwani angepofuka siku hiyo hiyo. Alisugua kila bolti hadi chuma kikaonekana. Akachanganya mafuta ya taa na mafuta ya giaboksi kwenye kopo, akayapaka kwa brashi ya rangi mahali bolti inapoingia, akagonga kila kichwa kwa nyundo ndogo, gonga-gonga-gonga, si kwa kuumiza, bali kwa kuamsha. Akatoka. Baada ya saa mbili akarudi, akapaka tena, akagonga tena. Na tena alasiri.

"Mama Koki anamkanda mtoto," alisema mtu barabarani, na kicheko kikapita kwa majirani kama sahani ya karanga.

Jumamosi asubuhi alipoamka alikuta turubai. Mumewe alikuwa amelitundika kwa mkono mmoja na meno, kutoka kwenye kamba ya nguo hadi kwenye mlingoti wa taa, likaufunika uwazi wote wa upande wa barabarani. Mafundo yake yalikuwa mabaya lakini mengi.

"La nini?" aliuliza.

"Watu wanapita."

"Wapite."

"Wanasimama. Wanatazama mke wangu amelala chini ya gari langu, mimi nimekaa." Alisema bila kumtazama. "Hata kama wewe huoni aibu, nihurumie mimi."

Mama Koki aliweka kopo lake chini. Alikuwa na maneno mengi, ya miaka mingi, kuhusu kulala chini ya masinki ya watu, nyayo za wenye nyumba zikipita karibu na masikio yake, na jinsi ambavyo hakuna aliyewahi kumwekea turubai kule. Aliyaacha yote. Alisema:

"Gari lilipokushika mkono, nani walilinyanyua?"

Dereva alitazama barabarani.

"Si hao hao? Turubai lingekuwepo juzi, wangejuaje?"

Akalifungua fundo la kwanza, la pili, la tatu. Mwanga wa asubuhi ukaingia moja kwa moja hadi chini ya gari. Alilikunja turubai vizuri mara nne, akalitandika juu ya saruji apate kulalia.

Mama mkwe, juu ya kigoda chake, alisema turubai hilo ni lake na litachafuka. Kisha akasema lingine liko uvunguni kwake, hilo la zamani, achukue hilo. Hakuna aliyelifuata.

* * *

Soketi alikuwa ameikodi, mpya, ya pembe sita, inayokibana kichwa cha bolti kila upande badala ya kukikwaruza pembeni. Aliipachika kwenye bolti ya kwanza, akaisukuma hadi ikazama yote. Kabla ya kufungua, alikaza. Ndiyo, alikaza, unywele mmoja tu, kuelekea kule ambako bolti haikutarajia kupelekwa; kisha akageuza na kuvuta kuelekea kwake, mkono umenyooka, kichwa kimekaa pembeni ili mpini ukiteleza upite hewani usipite kwenye meno yake.

Krk.

Sauti hiyo ilisikika hadi kwenye kigoda. "Nini kimevunjika?" aliuliza mama mkwe.

"Kutu," alisema Mama Koki.

Robo mzunguko. Akarudisha. Mafuta. Nusu mzunguko. Akarudisha. Mafuta. Mbele hatua mbili, nyuma moja, hivyo hivyo kwa nusu saa, mpaka bolti ikatoka, ndefu, nyeusi, ya moto kwa msuguano. Aliiweka nje kwenye mwanga. Ya pili ilitoka kwa dakika ishirini. Ya tatu kwa saa nzima. Watu walikuwa wamezoea sasa, wengine wamekaa juu ya ukuta, na kila bolti ilipotoka walihesabu kwa sauti kama wanaopokea mizigo.

Ya nne ndiyo iliyomtia majaribuni. Ilikubali haraka mno. Ilizunguka robo, ikazunguka nusu, kwa ulaini usiokuwa wa haki, na Mama Koki akahisi kwenye kiganja chake kitu anachokijua kutoka kwenye mabomba: kichwa kilikuwa kinazunguka na mwili haukuwa unazunguka. Bolti ilikuwa inajisokota. Kidogo tu zaidi na itakatika.

Juu ya ukuta walikuwa wanapiga makofi. "Vuta, mama! Inakuja hiyo! Vuta!"

Mkono wake ulitaka kuvuta. Hilo alikiri baadaye. Mkono ulikuwa umechoka, makofi yalikuwa matamu, na ilikuwa siku ya pili mtaa mzima unamtazama. Aliuachia mpini. Akairudisha bolti ilikotoka, taratibu, hadi ikarudi mwanzo kabisa, kana kwamba kazi yote ya asubuhi haikufanyika. Akapaka mafuta. Akatoka chini ya gari.

"Vipi?" aliuliza kijana mmoja.

"Naenda kula."

Wakaguna. Mmoja akasema wanawake bwana, wakikaribia tu wanaogopa. Mama Koki alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Alimwambia bila kugeuka kwamba wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Yeye hii bolti hataikata wala hataibusu, ataishindisha njaa, na yule aliye na haraka aende akamwamshe Nyundo. Kicheko safari hii kilimgeukia kijana.

Alikula, akalala kidogo, akapaka mafuta mara tatu. Saa kumi na moja jioni, bolti ya nne ilitoka nzima. Jumapili asubuhi, ile ya tano ilitoka bila maneno.

Ikabaki ile ya Nyundo.

Soketi haikuweza kuishika, kwa kuwa hapakuwa na pembe ya kushika. Mama Koki aliingia chini na tupa, akaanza kukisugua kile kidonge, pande mbili zinazotazamana, huku vumbi la chuma likimwangukia shingoni. Baada ya dakika kumi alibadilisha mkono. Alisikia kigoda kinasogezwa, mama mkwe ananung'unika, kisha mtu mwingine anakaa. Aliona miguu ya mumewe.

"Mama amechoka," alisema dereva. "Nitakaa mimi. Kikitikisika nitapiga kelele."

Akaendelea kusugua.

"Juzi," alisema mumewe baada ya muda, "nilipoingia huko chini, si kwamba sikujua ni hatari."

"Najua."

"Nyundo aliniuliza gari ni la nani mbele ya watu, nikakosa la kumjibu. Nikalala nalo usiku kucha."

Tupa ilisimama. "Ungemwambia ni la kwetu."

Alimsikia mumewe anapekua vifaa. Kisha kiganja kikaonekana kwenye ukingo wa mwanga, kile kizima, na ndani yake ile spana kubwa ya mabomba, nyekundu, yenye meno, ambayo alikuwa bado hajaiomba.

Spana ya mabomba haikutengenezwa kwa ajili ya kitu chenye pembe. Kadiri unavyoivuta ndivyo inavyouma. Mama Koki aliifunga kwenye zile pande mbili alizozisugua, akaikaza hadi meno yakaingia, akaigonga bolti mara tatu kwa nyundo, akajisogeza pembeni. Unywele mmoja kuelekea kukaza. Kisha akavuta. Si kwa kushtukiza; alivuta kama mtu anayefunga mlango mzito ambao mtoto amelala nyuma yake, polepole na bila kuacha, akazidisha, akazidisha, hadi mabega yakaungua na miwani ikaingia ukungu.

Ilipoachia haikutoa sauti kabisa. Ilizunguka tu.

Juu ya ukuta hawakujua. Mumewe ndiye aliyejua, kwa kuwa aliuona mkono wake unasogea, na hakupiga kelele yoyote. Alisema, "Rudisha kwanza. Tia mafuta."

"Nani amekufundisha?"

"Niko hapa siku tatu," alisema. "Sina vidole viwili, macho ninayo."

Saa tisa alasiri kishikio kizima kilikuwa mahali pake na bolti mpya sita, zilizopakwa grisi ili yeyote atakayezifungua baada ya miaka ishirini asilaani kaburi la mtu.

* * *

Jumatatu walifika ukaguzi saa mbili, wakakuta foleni ya magari kumi na moja. Dereva aliendesha kwa mkono mzima na vidole vitatu. Fundi Nyundo alikuwepo, kama alivyokuwepo kila Jumatatu, akizungukazunguka kwenye foleni na muhuri wa gereji yake mfukoni. Aliliona pikapu, akapiga goti, akachungulia. Alichungulia muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Alipoinuka alikuwa rafiki. Aliwaambia kazi si mbaya. Lakini, akasema, karatasi ya ukaguzi ina mstari unaouliza ni gereji gani iliyofanya kazi, na mkaguzi akiuona mtupu atawasumbua. Wampe yeye karatasi. Atapiga muhuri, bure kabisa, waseme imefanyika kwake, na saa tatu watakuwa njiani.

"Ni heshima tu kati yetu, shemeji," alimalizia.

Karatasi ilikuwa mkononi mwa dereva. Mama Koki aliuona mkono ule unaanza kunyooka. Alikuwa amesema mengi wiki hiyo. Alimtazama tu mumewe, na akajikuta anaogopa zaidi ya alivyoogopa chini ya gari.

Mkono ulisimama katikati. Dereva aliikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati.

"Hapana," alisema. "Haikufanyika kwako."

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi mwenye ovaroli safi mno. Alisoma karatasi, akafika kwenye mstari ule, akauliza kama hakuna muhuri. Hakuna, alisema dereva. Mkaguzi akapumua. Alisema basi itambidi aijaribu kila bolti kwa mkono wake, na ikisogea hata moja, gari halitoki hapa, linabaki na namba zake zinang'olewa leo leo. Wanataka ajaribu, au warudi na muhuri?

"Jaribu," alisema Mama Koki.

Mkaguzi akashuka kwenye shimo la ukaguzi, chini ya gari, na mpini mrefu wa chuma. Walimsikia. Bolti ya kwanza, mgandamizo, kimya. Ya pili. Ya tatu. Madereva wa foleni walikuwa wameshuka, wamezunguka shimo. Ya nne. Ya tano. Kwenye ya sita aliegemea mara mbili, na mara ya pili ni mpini uliopinda, bolti haikusogea. Akapanda ngazi, akijipangusa.

"Nilipolikataa gari hili nilijua litarudi limekatwa kwa moto, au halitarudi kabisa," alisema. "Chesisi haina hata mkwaruzo. Nani alizifungua zile za zamani?"

"Mke wangu," alisema dereva.

Mtu alicheka nyuma. Mkaguzi aliishika kalamu juu ya ule mstari. "Yuko gereji gani?"

"Hayuko gereji. Ni fundi bomba."

Hapo walicheka wote, foleni nzima, na Nyundo kwa sauti kuliko wote. Dereva hakucheka wala hakukunja uso. Alisimama na mkono wake wa bendeji mbele ya tumbo, akawangoja wamalize, mmoja mmoja, hadi yule wa mwisho aliyekuwa na kikohozi. Kulipokuwa kimya, alimrudia mkaguzi, neno baada ya neno, kama mtu anayemtajia karani herufi:

"Andika. Mke wangu. Fundi bomba. Uani kwetu."

Mkaguzi aliwatazama wale watu, akamtazama Mama Koki, akaibonyeza kalamu, akaandika.